Fundi Aliyewafundisha Watu Kusimama Barabarani

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni binti yake, mtoto wa pili, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu. Mlio na programu mkononi mtaona wasifu uko ukurasa wa tatu, aya tano. Nilizoshika mimi ni zaidi ya tano, kwa hiyo msihangaike kufuatisha kwa kidole, mtapotea njiani. Sikilizeni tu. Wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna breki, lakini leo kila neno nimeliandika kabla ya kuja hapa, kwa sababu aliyelala mbele yetu alitaka liwe kwenye maandishi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 3 Aprili 1954, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa katika stesheni hiyo, na mama yake alishona sare za makuli. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Bibi yetu alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitoka kimya kabisa. Mkunga akamchapa kofi, kimya. Akamchapa tena, ndipo akalia, na alipoanza hakunyamaza mpaka jioni. Walikulia katika nyumba ya vyumba viwili iliyotikisika kila treni ilipopita, na marehemu alikuwa akisema kwamba hakujua vikombe vinaweza kutulia mezani mpaka alipotembelea nyumba za watu wengine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962 na kumaliza mwaka 1968. Akiwa darasa la tano aliifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, akazipanga sehemu zake zote juu ya dawati, moja moja, ili aone ni ipi inayopiga kelele. Alichapwa fimbo sita, akaamriwa airudishe kama ilivyokuwa. Saa hiyo, iliyokuwa ikichelewa dakika kumi kila siku tangu inunuliwe, haikuchelewa tena. Mwalimu mkuu hakuomba radhi, lakini mwaka 1969 alimwandikia barua ya kuingia chuo cha ufundi, akasomea injini kwa miaka minne. Baada ya hapo alifanya kazi kwenye gereji ya malori kwa zaidi ya miaka miwili. Tarehe 10 Machi 1975 aliajiriwa na kampuni ya kunyunyizia dawa za pamba kule bondeni.

Hapo ndipo alipokutana na ndege ndogo za propela, na mapenzi yakaanza. Zilikuwa za manjano, injini moja, kiti kimoja, na mbele ya rubani tangi kubwa la dawa. Hazikuwa na urembo wowote. Zilitua kwenye barabara ya vumbi, zilinyanyuka na mzigo mzito kama lori, na mafundi wawili wenye spana na ngazi waliweza kuifungua injini asubuhi na ikaruka mchana. Baba alizijua kwa mlio. Akiwa mezani anakula, ndege ikipita mbali, alisimamisha kijiko hewani na kusema, "Hiyo namba tatu. Plagi moja imechoka." Na kweli ikitua, plagi moja imechoka.

Ni huko alikopewa jina la Tena. Alikuwa na tabia ya kukaza nati, kushuka kwenye ngazi, kufuta mikono, kisha kujiambia mwenyewe, "Tena," na kupanda kukagua upya. Mafundi wadogo aliwafanyia hivyo hivyo. Hata mchumba alimkagua. Mama yetu alikuwa karani wa redio wa kampuni, ndiye aliyewasomea marubani upepo. Siku moja baba aliingia kwenye kibanda cha redio, kofia mkononi, akamuuliza kama angekubali kuolewa naye. Mama akasema sawa. Kesho yake akarudi.

"Jana nilikuuliza jambo," akasema.

"Nami nikajibu."

"Najua. Nakagua tena."

Mama akamwambia, "Ukija kesho mara ya tatu, nabadilisha jibu." Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, wakajaliwa watoto watatu: kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kike.

Mwaka 1983 kulitokea ajali bondeni. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia, pamba ikiwa imemfika kifuani, hakuonekana na rubani, na gurudumu la ndege iliyoruka chini likamgonga. Alikufa pale pale. Kampuni ilimteua baba kuwa msimamizi wa usalama mashambani juu ya kazi yake ya ufundi, na yeye, kwa kichwa chake mwenyewe, akatunga somo la mambo manne. Naomba mlisikilize vizuri, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinatoka hapo. La kwanza, ukisikia mlio wa ndege, toka shambani. La pili, kimbilia barabarani, mahali peupe, rubani akuone. La tatu, kusanyikeni pamoja, na mmoja wenu ainue kitambaa cheupe kwenye ncha ya fimbo ndefu. La nne, msiondoke mpaka ndege ipite mara mbili: ya kwanza rubani anawahesabu, ya pili anamwaga dawa.

Alipita kijiji hadi kijiji kwa pikipiki kulifundisha. Hakufundisha kwa maneno peke yake. Aliwakimbiza watu kweli kweli, wazee kwa watoto, kutoka shambani hadi barabarani, huku yeye akipiga mlio wa injini kwa mdomo, mate yakiruka. Watu walimcheka mpaka machozi, lakini walijifunza. Kila kijiji kilichagua mshika bendera wake. Watoto walicheza mchezo huo wakiwa hawana kazi. Kwa miaka ishirini na mitatu, tangu 1983 mpaka kampuni ilipofungwa mwaka 2006, hakuna mtu hata mmoja aliyeumizwa na ndege bondeni. Katika maisha yake hakuna jambo alilojivunia kuliko hilo, na nadhani alikuwa na haki.

Kampuni ilipofungwa, ndege za manjano ziliuzwa, na marehemu akawa fundi wa pampu za maji. Alizeeka ghafla. Kisha Februari 2009 akaja nyumbani meja mmoja wa kikosi cha anga. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyemtengea chai. Vita vya waasi kule milimani vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Meja akaeleza kwamba ndege za jeti hazifai kwa kazi ile: zinapita kabla hazijaona kitu, na kwa saa moja zinakunywa mafuta ya wiki nzima. Walitaka ndege ya bei rahisi, inayoruka polepole, inayoweza kuzunguka juu ya wanajeshi wa ardhini kwa saa sita bila kutua. Jeshi lilikuwa limenunua ndege mbili za kunyunyizia dawa, na hakukuwa na mtu nchini aliyezijua kama yeye. Baba alikwenda kuziangalia. Alirudi ameng'aa uso. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa namba tatu yake mwenyewe, imepakwa rangi ya kijivu.

"Wameichafua," alimwambia mama, "lakini ni yeye."

Alifanya kazi kikosini kama fundi raia kuanzia tarehe 2 Machi 2009. Aling'oa tangi la dawa, pakawekwa tangi la mafuta. Chini ya kiti cha rubani alifunga mabamba ya chuma ya kuzuia risasi. Chini ya tumbo ilifungwa kamera. Na kwenye mabawa, palipokuwa na mabomba ya kunyunyizia, yeye na wenzake walifunga bunduki za rashasha na vishikio vya mabomu. Hawakuhitaji kutoboa matundu mengi, alisema, mengi yalikuwepo tayari. Ndege zile ziliwasaidia wanajeshi wengi waliozingirwa milimani warudi kwao wakiwa hai, na wapo hapa leo watatu waliokuja kumshukuru. Hilo nalo ni la kweli na linastahili kusomwa.

Kwenye programu, wasifu unaruka kutoka hapo hadi kustaafu kwake. Mimi siruki.

Siku ya Jumatano, tarehe 17 Oktoba 2012, saa nne asubuhi, namba tatu ilitumwa bondeni. Kulikuwa na habari kwamba waasi wameshuka kutoka milimani na kujificha kwenye mashamba. Rubani alikuwa kijana aliyekulia mjini, hajawahi kuona pamba ila dukani. Aliruka juu ya mashamba yale. Saa sita alikuwa ametua. Kamera ilikuwa imekwama kwenye kisanduku chake, baba akaitwa kuifungua, akaitoa, picha zikawekwa kwenye kioo cha kompyuta mle mle kwenye karakana, yeye amesimama pembeni na bisibisi yake.

Picha hazikuwa na sauti. Watu wanatoka shambani mbio. Hawakimbilii vichakani, wanakimbilia barabarani, mahali peupe. Wanajikusanya. Mmoja anainua fimbo yenye kitambaa.

Rubani akasema, "Mnaona? Wamejipanga. Wana bendera. Wana nidhamu. Hawa si wakulima."

Ndege ikapita mara ya kwanza. Hakuna aliyeondoka. Ikazunguka. Hakuna aliyeondoka, wote wameinua nyuso. Ikarudi.

Baba aliniambia hakutazama yaliyofuata. Alisema, "Bisibisi ilinianguka, nikainama kuitafuta, na nikabaki huko huko chini." Aliponyanyuka alimwambia mkuu wa kikosi, mbele ya watu wote, "Hao ni wangu. Mimi ndiye niliyewafundisha kusimama hivyo."

Mkuu akamwangalia. "Mzee, wewe ni fundi wa injini. Nenda kafunge injini."

"Wanasubiri ndege ipite mara mbili, afande. Ndivyo nilivyowaambia."

"Mzee. Taarifa imeshakwenda juu."

Kesho yake redio ilitangaza kwamba waasi kumi na mmoja wenye silaha wameuawa. Siku tatu baadaye mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango, akaweka jalada mezani. Ndani yake kulikuwa na orodha ya vijana waliopendekezwa kwenda kozi ya uofisa, na jina la kaka yetu, aliyekuwa askari wa kawaida jeshini, lilikuwa la nne. Mkuu hakupandisha sauti. Alisema, "Kijana wako ana nafasi nzuri sana. Usimharibie."

Baba alinyamaza. Naomba nilisome hili bila kulipamba: alinyamaza miaka kumi na miwili. Alikuwa mtu aliyekagua kila nati mara mbili, na katika miaka mitatu ya kufunga bunduki kwenye ndege ambayo bonde zima lilijua mlio wake, hakuwahi kuwaambia marubani kwamba watu wa kule wakiisikia hawajifichi. Hakuwaza. Na alipowaza, alimchagua mwanawe. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa hasira, hasira ya mtu aliyejiuliza hilo swali mara elfu, "Ungekuwa wewe ungemchagua nani?" Kama kuna mtu hapa ana jibu, asinipe.

Aliacha kazi tarehe 29 Machi 2013 kwa barua ya mistari miwili. Programu inasema alistaafu kwa heshima. Tangu hapo ikawa kila mwaka, tarehe 17 Oktoba, marehemu anaondoka nyumbani asubuhi na gari, bila kuaga vizuri, anarudi jioni akiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mama akiuliza, anaambiwa, "Nilikuwa na shughuli." Alikuwa anakwenda hadi njia panda ya bondeni, anaegesha gari, anakaa ndani yake, halafu anageuza. Miaka yote hiyo hakuwahi kuteremka. Mama alipokuja kuambiwa ukweli, mwaka huu, baba akiwa amelazwa hospitalini, alisema, "Jamani. Mimi miaka yote nilidhani ana mwanamke." Akacheka, kisha akalia vibaya sana, ikabidi tumtoe wodini.

Ugonjwa ulianza kwa kikohozi mwezi Juni 2022. Daktari alisema mapafu yamejaa makovu, kwa sababu ya dawa za pamba alizozivuta miaka thelathini na moja. Alitibiwa kliniki, akawa anaenda na kurudi, na kuanzia tarehe 4 Januari mwaka huu alilazwa, wodi namba nne, kitanda cha dirishani, akipumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni. Tarehe 11 Januari aliniambia nichukue kalamu. Alisema kwa vipande, maneno matatu, pumzi, maneno matatu, pumzi. Alitaka habari hii isomwe kabla hajafukiwa. "Mkishafukia, watu wanawaza kurudi makwao," alisema, na ni kweli. Nilipomaliza kuandika akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Hapo uliposema 'bahati mbaya', futa. Bahati haikuwepo." Nikafuta.

Alinipa jambo moja la kufanya: niende bondeni nikawatafute ndugu wa waliouawa, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba watu wao hawakukosea. Nilikwenda tarehe 25 Januari. Mtu wa kwanza kunipokea ni mama aliyekuwa mke wa mshika bendera. Siku ile alikuwa shambani na wenzake. Goti lilikuwa limemvimba, akashindwa kukimbia, akabaki amejikunyata katikati ya pamba huku mumewe akimpigia kelele atoke, atoke, ndege inakuja. Yeye peke yake ndiye aliyelivunja somo la baba yangu, na yeye peke yake ndiye aliyebaki.

Nilimweleza yote, tumekaa kwenye viti viwili vya plastiki mbele ya mlango wake. Hakunikatiza. Mwishowe akasema, "Tulipousikia ule mlio, mume wangu alisema kampuni imerudi. Alifurahi, mwanangu. Kitambaa alikuwa amekitunza miaka sita. Alikuwa anakwenda nacho shambani kila siku, tunamcheka."

Nikashindwa kujikaza. Yeye hakulia. Aliendelea kunieleza kwamba wanajeshi waliwazika wote kumi na mmoja kwenye shimo moja siku ile ile, kwa greda la barabara, na familia zikazuiwa kusogea. Kwamba kwa miaka kumi na miwili kijiji kile kinaitwa kijiji cha waasi, na kwamba vijana wao wakiomba kazi popote, wakitaja wanakotoka, mazungumzo yanaisha hapo.

Nikamwomba aje hospitalini, baba aseme naye mwenyewe. Akakataa.

"Mgonjwa simwendei," alisema. "Nikimwona anahangaika na pumzi nitamhurumia, na mimi sitaki kumhurumia. Nitakuja kumzika."

Nilirudi nikamwambia baba hivyo hivyo, bila kupunguza. Akafumba macho. "Ana haki," akasema.

Marehemu alifariki siku ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa tisa na robo alasiri, mama akiwa amemshika mkono wa kushoto na mimi mguu, maana mkono wa kulia ulikuwa na sindano. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Sasa nieleze kwa nini programu yenu ni fupi. Jumatano kaka alipoona nilichoandika, kabla hakijakwenda kupigwa chapa, aliniita chumbani. Alisema, "Dada, haya ni mambo ya kazini. Marehemu hawezi kujitetea."

Nikamwambia, "Hajitetei, kaka. Anakiri."

"Na mimi je? Unataka nivue hizi nyota hapa hapa?"

"Sijakwambia uvue kitu."

"Si ndicho unachosema! Kwamba nilizipata kwa maiti za watu!"

Nilitaka kumwambia hapana. Nilitafuta namna ya kusema hapana ambayo si uongo, sikuipata. Aliichukua karatasi, akazikata aya zote hizi kwa kalamu nyekundu, akampa mpiga chapa zilizobaki. Kaka, nakuona hapo mstari wa mbele, nakuona umeshika magoti. Hukujua, na sikuchukii. Ulikuwa na miaka ishirini na tisa, ukaambiwa umefaulu, ukaenda. Lakini baba aliagiza, na mimi ndiye niliyeshika kalamu. Tafadhali usiondoke. Imebaki kidogo.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili.

Mama wa bondeni yupo hapa. Amekuja na watu wake saba, wamepanda magari mawili tangu jana, na wamesimama kule nyuma kwa sababu hawakujua kama wanaruhusiwa kukaa. Nawaomba mlio mbele mwapishe. Hapana, si baadaye. Sasa hivi. Nitasubiri.

Ahsanteni.

Mama huyu sikuweza kumlipa chochote, wala yeye hakutaka. Aliponisindikiza siku ile hadi kwenye gari aliniomba jambo moja tu. Alisema, "Mtu wenu atasomewa maisha yake, watu wamekaa, wananyamaza. Wetu hawakusomewa." Kwa hiyo ameniletea wasifu wao, tumeuandika pamoja leo asubuhi kwenye kibaraza cha chumba cha maiti, na ninausoma kama ninavyomsomea baba.

Mshika bendera, aliyezaliwa mwaka 1958, mume wa huyu mama, baba wa watoto wanne. Alijua kupiga mluzi uliosikika ng'ambo ya mto. Mdogo wake, fundi baiskeli, aliyekuwa akiwatengenezea wanafunzi bure wiki ya mitihani. Dada wawili wa mama mmoja, waliogombana tangu utoto na hawakuwahi kulima mashamba mawili tofauti. Mzee wa miaka sabini na minne, kiziwi, ambaye hakusikia ndege yoyote. Aliona wenzake wanakimbia naye akawafuata. Mwalimu wa chekechea, aliyekuwa likizo, aliyekwenda kumsaidia shangazi yake kupalilia. Shangazi huyo. Kijana aliyebakiza siku kumi na moja afunge ndoa, ambaye suti yake ilikuwa bado kwa fundi cherehani na iko huko mpaka leo. Binti wa miaka kumi na minane aliyekuwa akisubiri majibu ya mtihani. Majibu yalikuja Desemba, alikuwa amefaulu. Mama wa miaka ishirini na saba, mshonaji. Na mwanawe wa kike wa miaka minne aliyekuwa mgongoni, ambaye hakuwahi kufundishwa lolote kuhusu ndege, kwa kuwa alizaliwa kampuni ikiwa imeshafungwa.

Hawakuwa waasi. Hawakuwa na silaha. Walifanya sawasawa kabisa walivyofundishwa na baba yangu, na hakuna hata mmoja aliyekosea.

Nilimuuliza mama huyu kama anaridhia nimalizie kwa maneno ambayo kila mtu humalizia. Akafikiri. Akaniambia, "Sema. Lakini uanze na wetu."

Wapumzike kwa amani, wote kumi na mmoja.

Na baba yetu, baada yao.